Maswali ya Santuri: Makeba na Nyimbo za Watu

Tangu niitaje hapa Pata Pata, albamu ya 1967 ya Miriam Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini, maswali hayakatiki. Nimechagua matano.

*Anaimba "pata pata". Anataka kupata nini? (Msomaji, Tanga)*

Hapati kitu. Ni Kixhosa hicho, maana yake gusagusa, na ni jina la dansi ya Johannesburg. Katikati ya wimbo anaacha kuimba na kueleza mwenyewe kwa Kiingereza kwamba ni dansi ya Ijumaa na Jumamosi usiku. Hii ni mara ya nne naulizwa. Jamani, sikilizeni kwanza ndipo mwandike.

*Mbona "Malaika" haimo? (Msomaji, Mombasa)*

Imo katika albamu ya 1965 aliyoimba na Mmarekani Harry Belafonte, iliyowapa tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Na asiniandikie mtu tena "Malaika ya Makeba". Fadhili William aliirekodi Kenya kabla yake, na wapo wanaoshikilia kwamba mtunzi ni Adam Salim wa Tanzania. Gombaneni juu ya hao wawili. Mama wa watu muacheni.

*Rafiki yangu anasema nyimbo nyingi humo ni za kukopi, hivyo Makeba hakuwa msanii kamili. Nimjibuje? (Msomaji, Dodoma)*

Muulize huyo rafiki yako kama amewahi kukaa ukumbini bendi ya dansi ikipiga kopi hadi majogoo, watu wakalia. Tangu lini mwimbaji akadaiwa atunge kila anachokiimba?

Hata "Pata Pata" yenyewe, iliyofika namba 12 Marekani, imeandikwa majina mawili, la Makeba na la Mmarekani Jerry Ragovoy, na Makeba alishaiimba Johannesburg miaka ya hamsini akiwa na kundi la Skylarks. "Maria Fulo" ni ya Brazil, kupitia kwa Sivuca, mpiga gitaa na akodiani katika kundi lake. "Yetentu Tizaleny" ni ya Ethiopia. Kukusanya hizo zote zikakaa nyumba moja bila kusukumana ni kazi ya msanii, tena mkubwa.

Kisha aweke "A Piece of Ground". Mtunzi ni Jeremy Taylor, Mwingereza aliyekuwa akifundisha shule huko Afrika Kusini. Unasimulia mzungu alivyokuja, ardhi ikaenda, dhahabu ikaenda, mweusi akabakiziwa kipande. Akiuimba Taylor, ni mzungu anayewasuta wenzake. Akiuimba Makeba, ni mtu aliyekataliwa kurudi kwao Afrika Kusini kumzika mama yake mwaka 1960. Wala hapandishi sauti. Anaueleza taratibu, kama mtu anayetoa ushahidi barazani, nawe unabaki na donge kooni. Hiyo ndiyo unayoiita kopi?

Ninachokipinga mimi ni kingine: vijana wa leo wanaochukua zilipendwa, wakaongeza ngoma mbili, wakaipandisha mtandaoni na jina la mtunzi halionekani popote. Wajukuu wa wazee wale wapo, na wanasikia redio kama sisi.

*Ile milio katika "Click Song" anaitoa kwa mashine gani? (Msomaji, Nairobi)*

Ulimi. Na wimbo una jina lake, "Qongqothwane", wa harusi za Waxhosa. Hilo la Kiingereza ulipewa na walioshindwa kulitamka la Kixhosa.

*Nimepakua "Pata Pata" ya 1967 lakini inasikika ya kisasa mno. (Msomaji, Muscat)*

Umebambikiwa, ndugu yangu. Aliirekodi upya zaidi ya mara moja, ikiwemo ile ya mwaka 2000 katika albamu ya Homeland, na wapandishaji mtandaoni hubandika mwaka wowote wanaotaka. Tafuta toleo la 2019, lina mono na stereo. Chukua mono. Ukiipata kwenye santuri, usikimbilie wimbo wa kwanza, hiyo "Pata Pata" yenyewe, ambao Makeba mwenyewe hakuuthamini sana. Geuza upande wa pili.