Kutu ya panga na kutu ya mbuni: je, “rust” ni ugonjwa mmoja?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mibuni yangu hapa Mbozi ina madoa ya rangi ya chungwa chini ya majani. Dukani nilionyeshwa kopo la dawa lenye neno la Kiingereza “rust”, na kijana wangu alipolitafuta kwenye simu akapata kwamba ni kutu ya chuma. Muuzaji naye alinieleza kuwa udongo wetu una chuma nyingi, ndiyo maana mibuni inashika kutu, akanishauri nipulize siki yenye chumvi. Je, neno hilo lina maana mbili, au kutu ni ile ile?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Neno ni moja na asili yake ni moja, lakini vitu viwili vinavyobeba jina hilo havina undugu wowote. Usipulize siki.

“Rust” ni neno la kale sana katika Kiingereza, nalo ni la ukoo mmoja na “red”, yaani nyekundu. Kilichopewa jina ni rangi, wala si chanzo cha rangi hiyo. Wakulima wa Ulaya waliona unga mwekundu kwenye jembe lililoachwa mvuani, kisha wakaona unga unaofanana nao kwenye mashina ya ngano, wakaviita jina moja karne nyingi kabla hadubini haijabuniwa. Warumi nao walitumia neno “robigo” kwa maana zote mbili, na kila tarehe 25 Aprili walimtolea mungu wao Robigus sadaka ya mbwa na kondoo ili anusuru nafaka. Mshairi wao mmoja ametuachia sala ya siku hiyo, ambamo kuhani anaiomba kutu iyaache mazao machanga na badala yake iende ikale panga na mikuki. Kuhani yule aliamini kwamba mlaji ni mmoja, na tunaweza kumsamehe, kwa kuwa ilipofika mwaka 1767 tu ndipo Waitaliano wawili, Felice Fontana na Giovanni Targioni Tozzetti, kila mmoja kwa kazi yake, walipoeleza kuwa kutu ya ngano ni kiumbe hai kinachojilisha kwenye mmea. Muuzaji wa pembejeo wa leo hana udhuru huo.

Kutu ya panga hutokea pale chuma kinapokutana na maji na oksijeni. Haina uhai, haizaliani wala haitafuti mmea wa kuishi juu yake. Kutu ya majani ya kahawa ni kuvu aitwaye Hemileia vastatrix, aliyepewa jina hilo mwaka 1869 alipokuwa akiangamiza kahawa ya Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, hadi mashamba mengi ya kisiwa hicho yakaishia kupandwa chai. Spora zake, yaani chembe ndogo anazozaliana kwazo, husafirishwa na upepo, matone ya mvua na hata nguo za wachumaji. Zikitua upande wa chini wa jani na kukuta utando wa maji, huota na kuingia kupitia vitundu ambavyo jani hupumulia. Upande wa juu utaona doa hafifu la manjano. Ligeuze jani, pitisha kidole juu ya doa, na unga wa rangi ya chungwa utabaki kidoleni: hizo ni spora mpya kwa maelfu, tayari kwenda kwenye mbuni wa jirani. Majani hupukutika, matawi hubaki matupu, na hasara kubwa huonekana kwenye mavuno ya msimu unaofuata.

Hoja ya chuma kwenye udongo ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu inasemwa kwa sauti ya kitaalamu. Ni kweli kwamba udongo mwekundu wa nyanda zetu unapata rangi yake kutokana na oksidi za chuma, na ni udongo wa aina hiyo unaolea chai ya Mufindi. Lakini mmea unahitaji chuma ili uwe na kijani chake. Ukikikosa, majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki ya kijani, na hakuna unga wowote utakaoshika kidoleni. Anayekwambia upunguze chuma ili mibuni ipone anataka kukuongezea tatizo la pili.

Siki husafisha panga kwa sababu asidi huyeyusha oksidi ya chuma. Kwenye jani hakuna oksidi ya kuyeyushwa, kwa hiyo asidi inaunguza jani lenyewe, na chumvi inayodondoka chini inadhuru mizizi. Wapo pia wanaopaka oili chafu kwa kuwa huzuia kutu kwenye vyuma. Oili hulinda chuma kwa kukikinga na hewa na maji, ilhali jani lisilopata hewa hufa.

Hata ndani ya maana ya pili bado kuna mtego. Kutu ya maharage ni kuvu mwingine, ya mahindi mwingine, na ya shina la ngano, ambayo aina yake hatari ya Ug99 iligunduliwa Uganda, ni mwingine tena. Ile ya maharage yako haiwezi kuhamia kwenye kahawa. Kwa hiyo kopo lililoandikwa “rust” bila kutaja zao halijakwambia lolote la kutosha. Kwa mibuni, viuakuvu vya shaba hufanya kazi ya kukinga zaidi kuliko kuponya, hivyo hupulizwa kabla mvua hazijakolea, na bomba lielekezwe chini ya majani. Punguza matawi ili hewa ipite, na unapopanda upya tafuta miche chotara ya TaCRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, inayostahimili kutu ya majani pamoja na chulebuni, ugonjwa wa kuvu unaoozesha matunda ya kahawa.

Mambo haya hayaishii kwenye kahawa. Mkulima wa parachichi wa Rungwe au Njombe akisoma “scale” kwenye kopo, simu yake inaweza kumpa “mizani”, ilhali kopo linazungumzia wadudu gamba. Simu haijui kwamba umesimama shambani. Haijalishi muuzaji anajiamini kiasi gani. Akishindwa kukuonyesha kwenye kibandiko jina la zao lako, kipimo chake na namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, mwachie kopo lake. Mwenye shaka achume majani machache yenye unga na kuyapeleka kwa afisa ugani au kituo cha TaCRI cha Mbimba, ambacho kwako Mbozi si mbali. Yafungwe kwenye gazeti, si kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu jani lililovundikwa huota ukungu mwingine njiani na kumpotosha hata anayelipima.