Nyonga imepona lakini miguu inashona charahani saa nane za usiku

Juzi nimepata meseji ya binti mmoja wa Mkoani, hukuhuku kwetu Pemba. Mama yake kabadilishwa nyonga, wiki ya tatu sasa, kidonda kizuri, mazoezi anafanya, lakini ikifika usiku anapigapiga miguu kitandani mpaka analia, na mjomba mtu keshasema aitwe mganga maana hayo si maradhi ya spitali. Nimeisoma ile meseji mara tatu jamani. Huyo mama ni mie wa mwaka juzi, na mjomba kama huyo nilikuwa naye, ila wangu alikuwa wifi.

Wanaonijua wanajua, mie fundi, miaka 26 nakanyaga charahani ya miguu hapa Chake, madera, kanzu, nguo za maharusi, skuli zikikaribia kufunguliwa nashona yunifomu mpaka usiku. Nyonga ya kulia ikaanza kuuma kidogokidogo, nikaipuuza miaka, mpaka picha ikaonyesha gegedu limelika lote, mfupa unasuguana na mfupa. Nikavushwa bara nikawekewa ya bandia, chuma kimezamishwa ndani ya mfupa wa paja, juu yake kichwa cha duara, kikaingia kwenye kikombe chake. Operesheni yenyewe siisimulii, nililala nikaamka. Siku ya pili natembea na fremu, nesi ananambia mama we una moyo, na kweli ninao, siongopi.

Shida ilikuja nyumbani. Mie nilipasuliwa kwa nyuma, nikapewa masharti ya wiki 12: nyonga usiikunje kupita pembe ya mraba, yaani goti lisipande juu kuliko nyonga, usipishanishe miguu, usigeuze nyayo kwa ndani, lala chali na mto katikati ya miguu. Kwa mzungu labda rahisi, ana viti. Sie maisha yetu yote yako chini. Mkeka uko chini, mbuzi ya kukunia nazi iko chini, choo cha kuchuchumaa, sijda, hata kumlisha mjukuu unakaa chini. Bwana akamwita seremala akachonga kiti cha mbao chenye tundu tukakiweka juu ya choo, kitanda kikanyanyuliwa kwa matofali, nikawa nasali kwenye kiti. Nazi nikaagana nayo. Hapo nikadhani nimemaliza.

Sasa miguu. Ilianza kama siku ya nne baada ya kurudi, nimeshasali isha, nimelazwa chali, mto wangu katikati. Si maumivu, hilo ndo lililonishinda kulieleza. Ni kama kuna sisimizi wanapita ndani ya mfupa wa muundi, sio juu ya ngozi, ndani, halafu unapata hamu ya kutikisa mguu ambayo huwezi kuizuia kama vile huwezi kuzuia chafya. Ukiutikisa inatulia, ukihesabu mpaka kumi inarudi. Na ni miguu yote miwili, hata ule ambao haukuguswa na kisu! Mchana sina kitu. Mwanangu alivyoniona usiku wa kwanza akanambia mama mguu wako unashona. Nikauangalia, wallahi, nyayo inakanyaga vilevile kama niko kwenye charahani, na charahani yenyewe iko ukumbini imefunikwa kanga.

Hebu fikiria hali hiyo, mguu unataka uukunje, uugeuze, upishanishe, uusugue, na yote hayo ndo nimekatazwa. Unalala kama maiti iliyokafiniwa na ndani yako kuna ngoma.

Wifi yangu akaja kunijulia hali, akaniona, akasema huyo kapandwa, kwani chuma cha watu huko bara kimetoka wapi. Nikanyamaza. Kisha akaona vidonge vyangu vya maumivu, tramadoli, akasema vile wanakula mateja, mtoto wa kaka yake wa nyumba ya pili alianza hivohivo. Maneno yale yaliniingia. Mie mtu wa heshima zangu, naogopa neno teja kuliko naogopa maumivu, nikaviacha siku ileile, vyote, bila kumuuliza mtu. Usiku wa pili yake jamani sijapata kuona mfano. Miguu ilikuwa inaruka yenyewe, jasho, kupiga miayo, machozi, nikapita usiku tatu bila kufumba jicho. Bwana akahamia chumba cha watoto, nami simlaumu sana, ila nilikihesabu.

Nilikuja kuambiwa baadae kwamba dawa za jamii ile zinaituliza miguu ya namna hii, na ukizikata ghafla inalipuka. Zinapunguzwa taratibu kwa mpango wa daktari. Lakini nani alinambia wakati ule? Na mie nilimuuliza nani?

Kosa la pili hilo langu mwenyewe, silitupi kwa mtu. Nikatuma mtoto duka la dawa, niletewe kitu cha usingizi. Nikaletewa vile vidonge vidogo vya mafua na mzio vinavyolewesha, klorfeniramini. Nikanywa viwili. Usingizi ulikuja wa kichwa, miguu ikazidi! Ndo mateso mabaya kuliko yote, macho yanafunga na miguu inakuamsha. Wiki nzima mie naendelea kuvinywa, nikiona havifanyi kazi naongeza. Kumbe dawa hizo za mzio zinazoleta usingizi, na promethazini, na ile ya kuzuia kutapika inayoitwa metoklopramidi, zote zinajulikana kuichochea miguu. Tena amitriptilini nayo, ambayo watu wanapewa kwa maumivu na usingizi. Sisemi utupe dawa uliyoandikiwa, nasema muulize aliyekuandikia, mtajie miguu.

Usiku mmoja nikafanya ujinga mkubwa. Saa nane, umeme umekatika, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikasema potelea mbali, nikaunyanyua mguu wa kulia niupandishe juu ya goti la kushoto niusugue muundi. Nikahisi kitu ndani ya nyonga kinasogea, kinakwama. Nikaganda hivyohivyo na mguu mkononi, jasho linanitoka kwenye giza, naogopa kuushusha naogopa kuuacha. Nikamwita mwanangu kwa sauti ya mtu anaezama. Akanishusha taratibu kama anashusha mtungi. Asubuhi nikapigwa picha, alhamdulillah haikuchomoka. Ila daktari wa mifupa aliniangalia vile akaniuliza, bibi, kwa nini umefanya hivo na masharti unayajua?

Hapo ndo nikasema. Nikaona haya imekwisha kazi yake, nikamwambia miguu inanicheza usiku, wanasema nimepandwa. Hakucheka yule kijana, Mungu ampe. Akaniuliza maswali manne tu: ni hamu ya kutikisa? Inakuja ukitulia? Ukitembea inapungua? Ni usiku zaidi? Nikajibu ndio ndio ndio ndio. Akasema haya ni maradhi ya miguu isiyotulia, yana jina lake, na mwanangu alipoangalia kwenye simu akakuta kuna tabibu wa Uingereza, Thomas Willis, aliyaandika tangu 1672, halafu daktari wa Sweden, Ekbom, akayaeleza vizuri mwaka 1945. Nikamwambia mwanangu kampigie simu shangazi yako, mwambie huyo jini wake ana pasi ya kusafiria.

Kisha akauliza damu. Nikasema nimepimwa, nimeambiwa iko sawa. Akasema hiyo ni damu inayozunguka, mie nataka akiba ya chuma, kipimo chake ferritini. Damu ikapelekwa Unguja, jibu likarudi 19 kwa kipimo chao cha mikrogramu kwa lita. Akanambia kwa mtu mwenye miguu ya hivi wanaanza kufikiria kumpa chuma ikiwa 75 kushuka chini, hata kama damu yenyewe inaonekana nzuri, kwa sababu ubongo unahitaji chuma kuendesha ile kemikali ya dopamini inayosimamia mwendo wa mwili. Na mtu ukipasuliwa nyonga damu inamwagika, akiba inakwenda nayo. Tena akasema jambo ambalo mwambie mama yako, binti: baada ya operesheni ferritini hupanda yenyewe kwa sababu mwili una uvimbe, kwa hiyo ukipimwa mapema ikionekana kubwa usishangilie, inaweza kuwa inadanganya.

Nilivyokuwa nasikiliza nikamkumbuka marehemu mama. Mama alikuwa usiku anatoka kitandani anakwenda kusimama peku kwenye sakafu ya saruji, anasema miguu inamtembea, sie watoto tunacheka. Na mie mimba ya mtoto wa pili miguu ilinicheza miezi ya mwisho yote nikadhani ndo mimba. Kumbe maradhi haya yanakwenda kwa ukoo, na wenye mimba huwapata sana. Yalikuwepo nyumbani kwetu siku zote, nyonga imeyaamsha tu.

Haya, nilifanya nini. Chuma, kidonge siku moja napumzika siku moja, asubuhi tumbo tupu na maji ya machungwa. Sio na chai! Hapa nawajua watu wangu, chai asubuhi chai alasiri chai usiku, halafu tunashangaa, na chai inazuia chuma kisiingie mwilini. Nikaipisha masaa mawili, na ya alasiri nikaiacha kabisa kwa sababu kilichomo kwenye chai na kahawa kinaamsha miguu ya baadhi yetu. Choo kitakuwa cheusi usiogope, kitakuwa kigumu pia, kula mapapai. Haikuwa muujiza, ilichukua kama wiki sita nikaona tofauti ya kweli. Daktari alisema ikishindikana kuna gabapentini, ila inaleta kizunguzungu na mtu wa fremu hatakiwi kizunguzungu, nashukuru sikufika huko.

Usiku wenyewe nilijifunza kuipa miguu kile ilichoruhusiwa. Nyayo juu, nyayo chini, kama kanyagio la charahani, mara hamsini, hiyo hata wa mazoezi aliniambia ni nzuri kwa damu isigande. Ikizidi, silazi damu, naamka kwa fremu, taa imewashwa, tochi iko shingoni kwa ajili ya umeme wetu, naenda mpaka mlango wa uani narudi, mikeka yote imekunjwa nisijikwae. Kitambaa cha maji baridi kwenye miundi. Mwanangu alikuwa ananikanda kwa mafuta ya nazi mie nimenyoosha mguu, lakini sikilizeni hapa vizuri: mguu mmoja ukivimba, shavu la mguu likawa la moto na linauma, HAUKANDWI. Hiyo si miguu isiyotulia, inaweza kuwa damu imeganda, na baada ya nyonga hilo ni jambo la kweli, unakwenda spitali usiku uleule, na pumzi ikibana usingoje hata kuvaa vizuri.

Na kazi ya mikono. Hii hakuna alienambia niligundua mwenyewe. Miguu inapenda akili iliyokaa bure, ukiishughulisha akili kweli inasahau. Nikakaa kwenye kiti kirefu nikaanza kumshonea bwana kofia ya viua, viua vidogo vile ambavyo lazima uhesabu, ukikosa kimoja mstari mzima umeharibika. Usiku baada ya usiku. Wanawake wenzangu, tunajua kuvumilia mno, tumefundishwa mtu mzima halii, tukienda kwa daktari tunaulizwa hujambo tunasema sijambo, na tunaambiana sisi kwa sisi mashetani, mashetani, wakati mtu amekosa chuma. Semeni! Ukienda kliniki usiseme nyonga tu, sema usiku unalalaje, chukua na mfuko wa dawa zote mpaka za dukani umwage mezani. Nani atajua kama unaficha?

Wifi bado hajanambia samahani. Alikuja kwenye harusi ya mwanangu wa kati, gauni la bi harusi nimelishona mwenyewe kwa mikono hii na miguu hii, wiki ya 15, akalishika pindo akasema zuri. Basi.

Binti wa Mkoani, mwambie mama asiache dawa zake za maumivu kwa maneno ya watu, na ukipata jibu la ferritini niandikie namba. Mie siku hizi nalala, si kila siku, nikichoka sana bado mguu wa kushoto unakanyaga kidogo kabla ya usingizi. Kofia ilimalizika, bwana anaivaa Ijumaa. Anaesimama nyuma yake kwenye safu akiangalia vizuri ataona upande wa kushoto viua vimekwenda upogo mistari mitatu, hapo ni zile siku tatu nilizoacha tramadoli.