Uliza Tukujibu: Tunasafisha ufukwe, mvua moja tu taka zimerudi

SWALI: Dada shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi chetu hapa Igogo, Mwanza, tuko 18, wengi wamama na vijana wachache wa bodaboda. Huu mwaka wa pili, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunashuka ufukweni Ziwa Victoria kuokota taka, tunajaza salfeti mpaka 30, tunapiga picha tunatupia kwenye grupu la WhatsApp, watu wanatupongeza. Jumanne inanyesha, Jumatano ufukwe uko vilevile kama hatujawahi kukanyaga. Watu wameanza kuchoka, mwezi uliopita tulitokea 7 tu. Mwenyekiti wetu anataka tuombe ufadhili tununue boti ya kuzolea taka majini. Mimi naona tunateka maji kwa tenga. Tufanyeje?
Katibu, Igogo

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Boti achaneni nayo, kabisa. Boti inakula mafuta, inataka fundi, na taka ikishafika majini ujue imeshawashinda tayari.

Ngoja nikusimulie. Siku moja nimekaa kwa mama ntilie mmoja Mabatini, pembeni ya korongo linaloshuka Mto Mirongo, wingu likaanza kufunga, ule upepo wa mvua ukaanza kupiga mabati, mara naona milango inafunguka huko juu kwenye mawe, huyu katoka na ndoo, yule na kiroba, katoto ka kama miaka tisa kanaburuza salfeti limekazidi urefu, wote wanaelekea korongoni. Nikauliza kuna nini? Mama ntilie akacheka, akasema dada, hapa gari la taka ni mvua. Na kweli haikufika nusu saa mzigo wote ukapita mbele yetu, pampasi ndo zinaongoza msafara, zimevimba kama mito ya kulalia, na wala hakuna aliyegeuza shingo.

Kwa hiyo nyie Jumatano hampati taka za Igogo ya ufukweni, mnapokea za mlimani. Na msiwatukane watu wa mlimani maana Mwanza yetu mnaijua, nyumba zimekaa juu ya mawe, Igogo, Mabatini, Bugarika huko, njia ni ya mtu mmoja na ndoo yake kichwani, gari linaishia kwenye lami. Mama ana mtoto mgongoni ashuke na taka akasubiri gari lisilo na siku? Mimi nilipokuwa nimepanga mlimani nilikuwa nalipa hela ya taka kila mwezi, risiti ninazo mpaka leo, gari lenyewe nililiona mara mbili mwaka mzima.

Ushauri wangu basi: hamisheni nguvu zenu juu. Msianze na mtaa mzima mtafeli, chukueni korongo moja tu, lile linalowaletea uchafu mwingi, hesabuni nyumba zinazolitumia, piteni mlango kwa mlango. Vijana wawili watatu wapande siku moja ya wiki, ileile, saa ileile, washushe salfeti mpaka gari linapofika. Siku ikibadilika mara mbili watu wanarudi korongoni, hilo nakuhakikishia, mtu havumilii taka za dagaa zinanuka ndani siku nne akisubiri kijana ambaye hajulikani anakuja lini. Kila nyumba ichangie kidogo, na hao vijana walipwe, maana kujitolea kuna mwisho wake, ndo maana mwezi uliopita mlikuwa 7.

Kabla ya yote lakini nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, jambo hili lipite kwenye mkutano wa mtaa na liandikwe kwenye muhtasari. Yule mzabuni wa taka, mwenye hilo gari, akisikia kuna watu wanachangisha hela atakuja juu, na ana haki kwa upande wake. Mwambieni sisi tunashusha, wewe unapeleka dampo, na tupe siku yako. Akitoa siku mbele ya mkutano, wananchi wenyewe watamdai.

Halafu fanyeni hivi mara moja tu, mvua ijayo ikipita mwageni salfeti tatu juu ya turubai mchambue mmeokota nini. Mtakuta chupa za maji na soda, hizo zina mnunuzi kwa kilo, msizichanganye na uchafu wa maji zikaharibika. Mtakuta vifuko laini vya karanga na barafu, hiyo mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 ila hivi vidogo bado vipo kibao. Maganda na mabaki ya chakula, mwenye mbuzi au nguruwe atayafuata mwenyewe. Pampasi ndo shughuli, hazina mnunuzi, haziozi, zikichomwa moshi wake balaa, hizo ni dampo tu na lazima zishuke kila wiki.

Mkisimama vizuri, halmashauri ina ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba, muoneni afisa maendeleo ya jamii. Ila ni mkopo, sio zawadi! Msikimbilie kununua guta la kubebea taka kabla michango haijaonyesha inaweza kulipa deni.

Na mtu akiwauliza linawahusu nini la mlimani, mwambieni maji ya bomba anayokunywa yanavutwa Capripoint humuhumu ziwani. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, kule Jinja Uganda, maji mengi yanaondoka kwa kukauka na jua, kwa hiyo uchafu ukishaingia unakaa.

SWALI: Sisi wa Igombe, hukuhuku Mwanza, tunang'oa magugu maji kwa mikono, tunarundika palepale ufukweni, baada ya muda yamerudi. Tuyachome au tupulizie dawa?

JIBU: Dawa hapana, yatafia majini yaoze, hewa ya samaki iishe, na nyie mnachota hapohapo. Kuyachoma mabichi mtapoteza kiberiti, karibu yote ni maji yale. Kosa lenu ni hilo rundo, wimbi likilifikia kipande kidogo cha shina kinachipua upya. Yabebeni mbali na maji yakauke juani, rundo la kichwani kwako litabaki la magotini, litaoza liwe mbolea ya migomba, ila kama mmeng'oa karibu na mtaro wa kiwanda msiweke kwenye mchicha kwa sababu yanafyonza madini mabaya. Mbegu zake zinakaa miaka kwenye tope kwa hiyo mtarudi tu, na yanayorudi yanashiba uchafu uleule wa mitaro niliomwambia huyo wa Igogo.

Kingine, mnaingia majini miguu mitupu? Konokono wa kichocho wanapenda kujificha kwenye hayo magugu. Tafuteni mabuti, na mliokwisha ingia pitieni zahanati mpimwe, dawa yake ipo.