"Ni sauti tu": hadithi za kutisha na usingizi wa mtoto

Swali: Binti yangu ana miaka 6. Nikimlaza saa 3 usiku humwekea hadithi za mafumbo na mizimu kwenye simu, sauti tu bila video, naye husikiliza hadi saa 4 ndipo alale. Wiki ya pili sasa, kabla ya saa 6 anakurupuka akipiga mayowe, macho wazi lakini hanitambui. Asubuhi hakumbuki kitu. Jirani anasema ni jini, nitafute mganga. Nichague hadithi zipi zisizomtisha sana? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Dada yangu, mganga mwache. Mayowe ya saa moja au mbili baada ya kulala, yasiyokumbukwa asubuhi, ni hofu ya usingizini: mwili umeshtuka huku ubongo ungali kwenye usingizi mzito. Ndoto mbaya huja zaidi karibu na alfajiri, na mtoto hukusimulia. Usimtikise, mlinde asijigonge, atatulia. Akikakamaa au kutetemeka kwa mfululizo, mpeleke hospitali.

Kichochezi kikubwa ni uchovu. Analala saa 4, na kama anaamshwa saa 11 kuwahi gari la shule, amepata muda wa saa 7 tu; umri wake unahitaji 9 hadi 12.

Ila lililonikaa kooni ni hilo neno "sauti tu". Nalisikia kwa wazazi kila wiki. Wamezima televisheni, wamewasha hadithi, wanaamini wamechagua kilicho salama. Zimwi la katuni lina umbo na rangi, na likizidi ubaya mtoto hufumba macho. La kwenye sauti analiumba mwenyewe, tena kwa vitu vya chumbani mwake: kanzu iliyoning'inia mlangoni, bati linalolia likipoa usiku, komba anayelia mwembeni kama kichanga. Afumbe macho, linazidi kukua. Mwaka 1995, Pemba na Unguja, watu wazima walilala nje kwa makundi kwa hofu ya popobawa, shetani aliyevumishwa kuvamia watu usiku. Nani aliwaonyesha picha? Yalikuwa maneno ya mdomo. Sasa mtoto wa miaka 6, ambaye bado anachanganya ya hadithini na ya kweli, atafanyaje peke yake gizani?

Hadithi za kutisha sizikatai. Bibi zetu walitusimulia mazimwi, lakini bibi alikuwa anatutazama usoni. Akiona macho yamemtoka mjukuu, zimwi lilitumbukia kisimani mapema. Simu haimtazami mtu.

Kwa hiyo chagua fumbo linalofumbuliwa: mlio wa darini ukawa bundi, nyayo za jikoni zikawa za paka. Isikilize wewe kwanza mpaka mwisho, kwa sababu wasimuliaji wengi huacha mlango ukigongwa ili urudi kesho. Kisha isikilizeni pamoja alasiri, kungali mwanga. Isimamishe katikati umuulize, "Unadhani nani huyo?" Akijibu kwa hamu, endeleeni. Akinyamaza na kujisogeza kwako, imetosha.

Na wazazi wote nawaomba: msiiachie simu kazi ya kulaza mtoto. Hadithi uliyochagua ikiisha, programu inaleta nyingine yenyewe, na mara nyingi ni simulizi ya watu wazima, "kisa cha kweli" cha uchawi na mauaji, wewe umeshasinzia. Neno "watoto" kwenye jina la hadithi si cheti. Anaweza kuliandika yeyote. Halafu wapo wanaomaliza kwa kijiko cha dawa ya mafua ili mtoto asinzie. Wanaambiana hivyo mitaani, na inanikasirisha mno. Baadhi ya dawa hizo hazitakiwi kabisa kwa watoto chini ya miaka 2, kwani zinaweza kufifisha pumzi.

Wewe, dada, kuanzia leo mlaze saa 2, simu ikae chumbani kwako. Akiogopa giza, acha taa ya ukumbini ikiwaka na mlango wazi. Endelea hivyo wiki mbili, ndipo urudishe hadithi za mafumbo, za alasiri.