Maswali ya Wasomaji: Madoa ya Kahawia Ukutani, Darini na Kwenye Mbao

Barua tulizopokea kuhusu madoa ya kahawia ndani ya nyumba zinafanana kwa jambo moja: karibu kila mwandishi anataka kujua jina la kuvu aliyo nayo au dawa ya kuiua, lakini ni wachache mno wanaotaja maji yanakotoka. Mshauri wetu wa masuala ya nyumba amechagua baadhi ya barua hizo na kuzijibu.

SWALI: Nyuma ya kabati la nguo chumbani mwetu kumetokea madoa ya kahawia ambayo katikati yanaelekea kuwa meusi. Nimeyasugua kwa jiki mara kadhaa. Hupotea, kisha hurudi palepale. Mume wangu anasema ni uchafu tu wa ukuta mkongwe, mimi nasema ni kuvu. Nani kati yetu amesema kweli, na kwa nini hayaishi?
Mama mpangaji

JIBU: Dada yangu, kwa maelezo yako naelekea upande wako, ingawa hoja ya mumeo haifai kupuuzwa, kwa sababu si kila doa la kahawia ni kuvu. Maji yaliyovuja kutoka kwenye paa au bomba huacha doa lenye ukingo uliokolea kama ramani, na sehemu ya ndani huwa imepauka. Kutu ya misumari hutokea katika vituo vidogo vilivyopangana kwa umbali unaolingana. Moshi wa jiko na wa sigara hutandaza rangi ya kahawia sehemu kubwa ya dari bila mpaka ulio wazi. Kuvu, kwa upande wake, huanza kama nukta nyingi za mviringo ambazo hupanuka na kuungana, na ukishika tochi ukamulika kwa ubavu, mwanga ukipita sambamba na ukuta, utaona uso wa doa umeinuka kidogo na una manyoya mafupi au unga. Pua nayo isidharauliwe: harufu ya uvundo, ile inayotoka kwenye nguo zilizokunjwa kabla hazijakauka, mara nyingi hutangulia hata doa lenyewe.

Kama bado mnabishana, chovya kijiti cha pamba katika jiki iliyochanganywa na maji mengi, gusa sehemu ndogo ya doa, kisha subiri dakika moja au mbili. Doa likipauka haraka, yaelekea ni kuvu. Likibaki lilivyo, yaelekea ni vumbi au masizi. Kipimo hiki ni cha kukisia tu, kwa kuwa baadhi ya madoa ya maji nayo hupauka.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Jiki inafanya kazi vizuri juu ya vigae, kioo na plastiki, lakini ukuta wa lipu una vitundu vingi visivyoonekana kwa macho. Klorini huishia juu juu, ikaondoa rangi ya kuvu, huku maji yaliyoibeba yakizama ndani ya lipu ambamo nyuzi za kuvu zimejificha. Kwa maneno mengine, unaifuta rangi yake huku ukiinywesha. Hata kama ungeiua yote, kuvu iliyokufa bado huweza kumletea mzio mtu mwenye mwili mwepesi wa kudhurika, na ndiyo sababu lengo liwe kuiondoa kabisa.

Kabla ya kusafisha tena, tafuta chanzo cha unyevu. Sogeza kabati, kausha sehemu moja ya ukuta karibu na madoa, kisha bandika juu yake kipande cha nailoni inayopitisha mwanga, chenye ukubwa wa ukurasa wa gazeti, ukizibe pande zote nne kwa gundi ya utepe. Kiache kwa siku moja hadi mbili. Vitone vya maji vikitokea upande wa ndani, ule unaogusa ukuta, unyevu unatoka ukutani: pengine bomba linavuja, mfereji wa paa umeziba, au maji yanapanda kutoka kwenye msingi. Hapo mwite mwenye nyumba na fundi, kwa sababu hakuna kiasi cha kusugua kitakachokusaidia. Vitone vikiwa upande wa nje, unaotazama chumba, maji yanatoka kwenye hewa mnayoishi nayo.

Nyuma ya kabati, hali hii ya pili ndiyo hutokea mara nyingi. Hewa ya chumba yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi na unyevunyevu wa asilimia 60 huanza kuacha maji juu ya kitu chochote chenye nyuzi 12 au chini yake, na kuvu haingoji hata maji yaonekane, kwani huweza kuota pale ambapo unyevunyevu wa hewa inayogusa ukuta unakaa karibu na asilimia 80 kwa muda mrefu. Kabati lililobanwa kwenye ukuta wa nje huzuia joto la chumba lisiufikie ukuta huo, na huzuia pia upepo usiukaushe. Watu wawili wanaolala humo milango ikiwa imefungwa hutoa mvuke usiku kucha, na nguo zilizoanikwa ndani huongeza mwingine. Acha nafasi ya sentimita 5 hadi 10 kati ya kabati na ukuta, ikiwezekana lihamishie ukuta wa ndani, fungua madirisha yanayokabiliana wakati hewa ya nje ni kavu, na ukipata kipimo kidogo cha unyevunyevu, hakikisha hakivuki asilimia 60. Kati ya 30 na 50 ni bora zaidi.

Ukishadhibiti unyevu, ndipo usafishe. Vaa glavu za mpira, miwani isiyo na matundu na barakoa ya aina ya N95, maana barakoa ya kitambaa haizuii spora, yaani chembe ndogo ambazo kuvu huzitumia kuzaliana. Watoto watoke chumbani, mlango ufungwe na dirisha liwe wazi. Zima feni, kwa sababu feni inayopuliza ukuta wenye kuvu huipanda nyumba nzima. Usisugue ukuta ukiwa mkavu. Ulowanishe kwanza kidogo kwa maji ya sabuni, kisha sugua kwa brashi au sponji, ufute kwa kitambaa safi na uuache ukauke kabisa. Matambara yaliyotumika yafungwe ndani ya mfuko kabla ya kutolewa. Rangi mpya isipakwe mpaka ukuta ukauke, kwani rangi iliyopakwa juu ya kuvu huvimba na kubanduka. Nguo zilizokuwa kabatini zifuliwe na kuanikwa juani. Mgongo wa kabati, ukiwa ni wa mbao za kubandikwa na umekwisha kuvimba, utupwe tu. Sijaona faida ya kuuokoa.

Eneo lenye kuvu likizidi takribani mita moja ya mraba, au kukiwa na mtu mwenye pumu nyumbani, kazi hiyo ni bora ifanywe na mtu mwenye uzoefu na vifaa.

SWALI: Tulipaka rangi bafuni mwezi uliopita. Sasa michirizi ya kahawia inateremka ukutani kama asali. Fundi anadai ni kuvu na anataka kubandua rangi yote. Je, nimkubalie?
Mwenye bafu jipya

JIBU: Ndugu, mzuie fundi wako kwanza. Kuvu haitiririki. Rangi za maji huwa na viungo vinavyoyeyuka, na rangi ikikutana na mvuke kabla haijakomaa vizuri, viungo hivyo hupanda juu na kuchuruzika vikiwa na rangi ya kahawia au ya manjano. Gusa mchirizi mmoja: ukiwa unanata, unang'aa na unayeyuka unapopanguswa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, basi si kuvu. Ufute, upitishe hewa, na ukijitokeza tena ufute tena. Kwa kawaida hukoma baada ya muda bila ukuta kuguswa. Safari nyingine muache rangi ikauke siku kadhaa kabla mtu hajaoga kwa maji ya moto humo. Hata hivyo, chunguza pembe za dari na mistari ya saruji kati ya vigae, kwa sababu bafu lisilo na tundu la kutolea mvuke litapata kuvu ya kweli siku moja.

SWALI: Fremu ya mlango wa stoo imelainika upande wa chini, na sakafuni kuna unga wa kahawia unaoelekea wekundu. Mbao zenyewe zimepasuka vipande vya mraba. Nilipulizia dawa ya mchwa bila mafanikio. Nifanye nini?
Msomaji mstaafu

JIBU: Shikamoo, mzee wetu. Dawa ya mchwa haikufaa kwa sababu, kwa dalili ulizozieleza, mhalifu si mdudu. Mchwa huacha njia za udongo na mashimo yaliyofuata urefu wa mbao, naye bungua huacha vitundu vidogo vya mviringo na unga uliopauka. Mbao zinazopasuka vipande vya mraba na kugeuka kahawia zimeliwa na kuvu iozeshayo, ambayo hula selulosi inayoipa mbao nguvu na kubakiza lignini, kitu chenye rangi ya kahawia. Hii ni tofauti kabisa na kuvu ya ukutani ya mama mpangaji. Ile huchafua uso na kusumbua mapafu, hii hudhoofisha jengo.

Unga wa rangi ya kutu, usipokuwa vumbi la mbao zenyewe, unaweza kuwa spora za kuvu iitwayo Serpula lacrymans, ambayo hupatikana zaidi katika nchi za baridi. Ikikomaa hutoa kitu bapa chenye nyama kama uyoga, katikati kikiwa na rangi ya kutu na ukingoni cheupe, na nyuzi zake zina uwezo wa kupita juu ya matofali na lipu kuzifuata mbao nyingine. Kwa hiyo usiishie kwenye fremu. Chukua bisibisi, uisukume kwa nguvu ya kawaida kwenye mbao zote zilizo karibu, zikiwamo za sakafu na zile zilizofichwa na rangi nzuri. Mbao nzima hukataa, iliyooza huipokea bisibisi bila ubishi, na mara nyingi rangi ya juu hubaki nzima huku ndani kumebaki ganda.

Mbao yenye unyevu ulio chini ya asilimia 20 haiozi, na hilo ndilo la kulishikilia. Angalia kama udongo wa nje umerundikwa juu ya usawa wa sakafu, kama maji ya mvua yanarukia mlango, au kama kuna bomba ndani ya ukuta. Tatizo hilo likishatatuliwa, seremala akate mbao zote zilizooza na kupita kidogo mpaka wa uozo unaoonekana, kisha aweke mbao kavu zilizotiwa dawa ya kuzuia kuoza, zikitenganishwa na zege kwa karatasi ya kuzuia maji. Ikiwa bisibisi imezama kwenye nguzo au boriti inayobeba sakafu au paa, seremala asubiri kwanza. Mhandisi aitazame kabla chochote hakijakatwa.

SWALI: Nimesikia kuvu nyeusi ndiyo yenye sumu. Yetu ni ya kahawia. Tupumue? Au tupeleke kipande maabara?
Baba wa mtoto mchanga

JIBU: Rangi haikupi jibu, ndugu yangu. Cladosporium huwa ya kahawia yenye ukijani, Alternaria ni ya kahawia iliyokolea, na Aureobasidium huanza ikiwa ya maziwa au ya waridi kisha ikageuka kahawia na hatimaye nyeusi, kuvu ileile moja. Umri wake, chakula chake na kiasi cha unyevu vyote huibadilisha sura.

Kuhusu maabara, mimi ningeziweka fedha hizo kwenye kuziba panapovuja. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake kuhusu unyevu na kuvu majumbani mwaka 2009, halikuweka kiwango cha kuvu kinachoweza kuitwa salama. Lilichosisitiza ni kuzuia unyevu wa kudumu na kuondoa kinachoota. Jina la kuvu halibadilishi kazi iliyo mbele yako. Kwa sasa mtoto asilale katika chumba hicho. Akiwa anakohoa au anapumua kwa mlio, mpeleke kwa daktari na umweleze waziwazi kwamba nyumba ina unyevu, kwa kuwa wazazi wengi hulisahau jambo hilo wanapoulizwa. Wenye pumu, wenye maradhi sugu ya mapafu na wale ambao kinga yao imepungua wachukuliwe kwa tahadhari hiyohiyo.

SWALI: Je, nikichanganya jiki na siki, dawa haitakuwa kali zaidi?
Mpenda usafi

JIBU: Itakuwa kali kwa mapafu yako. Jiki ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia, ambayo imo katika baadhi ya sabuni za vioo na katika mkojo, hutoa gesi nyingine yenye madhara. Tumia kimoja tu, na kama jana ulitumia kingine mahali hapo, suuza kwanza kwa maji mengi. Aliyekwisha kuchanganya atoke nje mara moja, aache mlango wazi nyuma yake, asirudi kumwaga ndoo, na akiendelea kukohoa au kubanwa kifua aende hospitali.