Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Inayozimika kwa Sababu ya Draiva

SWALI: Salamu kwenu mafundi. Laptopu yangu hutoa skrini ya bluu mara mbili au tatu kwa siku, kisha inajiwasha upya kabla sijasoma chochote. Fundi ananiambia niifomati. Hakuna njia nyingine?

JIBU: Ipo, na usikubali kufomati kwa sasa. Ukifomati bila kujua chanzo, Windows inaweza kujipakulia draiva ile ile mbovu (draiva ni programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa kama wifi au kadi ya picha) na skrini ya bluu ikarudi, safari hii ukiwa umeshapoteza mafaili yako. Kwanza mtafute mhusika.

Draiva hufanya kazi ndani kabisa ya mfumo, mahali ambapo programu za kawaida haziruhusiwi kufika. Programu ya kawaida ikikosea hufungwa peke yake. Draiva ikikosea, tuseme imeandika kwenye sehemu ya kumbukumbu isiyo yake, Windows husimamisha kila kitu kwa makusudi ili data isiharibike. Kabla ya kuzima huandika faili dogo la tukio hilo, na faili hilo ndilo ushahidi wako.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda kwenye Advanced, kisha Settings iliyo chini ya Startup and Recovery. Ondoa alama kwenye Automatically restart ili maandishi yabaki kwenye skrini, na hapo chini chagua Small memory dump. Kuanzia hapo ajali zitakuwa zinaacha faili la .dmp katika C:\Windows\Minidump. Yakifika matatu au manne, yafungue moja moja kwa WinDbg, programu ya bure ya Microsoft, andika !analyze -v na utafute mstari wa IMAGE_NAME. Jina linaloishia na .sys huwa la draiva: nvlddmkm.sys ni ya kadi za picha za NVIDIA, amdkmdag.sys ni ya AMD, na majina yanayoanza na Netwtw ni ya wifi ya Intel. Ukikutana na jina geni, litafute ndani ya C:\Windows\System32 na folda zake, bofya kulia, fungua Properties, kisha Details. Utaona mtengenezaji na toleo.

Faili moja tu halitoshi kumtia mtu hatiani. Jina lile lile likijirudia kwenye ajali tatu, umempata. Majina yakibadilika kila mara, leo wifi, kesho sauti, keshokutwa picha, shaka ihamie kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine: endesha mdsched.exe uipime kabla ya kugusa draiva yoyote. Na skrini ikiandika WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, mara nyingi tatizo ni la mashine yenyewe: joto, umeme au prosesa.

Ukishamjua mhusika, fungua devmgmt.msc (orodha ya vifaa vya kompyuta), bofya kifaa chake mara mbili, nenda kwenye Driver. Kama ajali zilianza baada ya sasisho, bonyeza Roll Back Driver na uishie hapo. Kitufe kikiwa kimefifia, maana yake toleo la awali halikuhifadhiwa. Basi pakua draiva kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu ukitumia namba kamili ya modeli, iliyobandikwa chini ya mashine. Kwa laptopu tunaanzia hapo kabla ya kwenda kwa mtengenezaji wa chipu, kwa kuwa sauti, padi ya kugusa na vitufe vya mwanga mara nyingi hurekebishwa kwa modeli husika.

Wengi hukwama kwenye kuondoa draiva mbovu. Wanabonyeza Uninstall device, wanawasha upya, na Windows inairudisha kutoka kwenye ghala lake la ndani. Kabla ya kuthibitisha, weka alama kwenye kisanduku cha kufuta na draiva yenyewe. Kisipoonekana, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika pnputil /enum-drivers, tafuta jina la draiva hiyo linaloanza na oem, kisha:

pnputil /delete-driver oem12.inf /uninstall

Badilisha 12 kwa namba uliyoiona. Hakikisha mara mbili, maana hapo ukikosea namba unaondoa draiva isiyo na hatia.

SWALI: Nikicheza michezo skrini huwa nyeusi kwa sekunde chache halafu inarudi. Jana haikurudi, ikaandika VIDEO_TDR_FAILURE. Nimeshasakinisha draiva mpya mara kadhaa, hali ni ile ile.

JIBU: Windows huipa kadi ya picha sekunde 2 kujibu. Isipojibu, mfumo huiwasha upya kadi peke yake, na huo ndio weusi unaouona. Ndani ya Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utakuta tukio namba 4101. Kadi ikigoma hata kuwashwa upya, inakuja skrini ya bluu.

Kusakinisha draiva mpya juu ya ya zamani huacha mabaki. Pakua kwanza draiva unayoitaka, kata intaneti ili Windows isikuwahi, ingia kwenye hali salama (Safe Mode, ambapo Windows huwaka na draiva za lazima tu; namna ya kuingia tunaieleza kwenye swali la kompyuta isiyowaka), safisha kila kitu kwa programu ya Display Driver Uninstaller, kisha washa kawaida na usakinishe. Kama kadi yako ina umri, jaribu pia toleo la nyuma. Mpya haimaanishi bora. Matoleo mapya hutengenezwa zaidi kwa ajili ya kadi na michezo mipya. Kama uliongeza kasi ya kadi kupita ya kiwandani, irudishe kabla ya yote haya.

Mtandaoni utashauriwa kuongeza thamani ya TdrDelay kwenye rejista (hazina ya mipangilio ya Windows) ili Windows isubiri zaidi. Hatupendi ushauri huo kwa tatizo kama lako, kwa sababu unachofanya ni kurefusha muda wa kuganda. Afadhali uangalie jambo moja rahisi: mistari au madoa yakionekana hata ukiwa kwenye BIOS, menyu ya mashine inayofunguka kabla ya Windows, hapo draiva bado haijapakiwa, kwa hiyo haihusiki. Kagua kadi, kebo na skrini.

SWALI: Programu za kusasisha draiva zote kwa mpigo zinafaa?

JIBU: Hapana. Zinaweza kukuwekea draiva ya kifaa kinachofanana na chako tu, na nyingine huja na matangazo. Draiva isiyosumbua iacheni.

SWALI: Baada ya kusakinisha draiva, kompyuta haifiki tena kwenye dirisha la kuingilia. Inazunguka tu na kuanguka. Nifanyeje bila kupoteza kazi zangu?

JIBU: Washa, na nembo ikitokea shikilia kitufe cha kuzimia mpaka izime. Rudia, kwa kawaida baada ya mara mbili au tatu Windows hufungua mazingira ya matengenezo. Pita Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza 4 kuingia kwenye hali salama. Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la data la Windows, utaombwa ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi huhifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Utafute mapema kwa simu. Ukiingia, ondoa draiva kama tulivyoeleza kwenye swali la kwanza.

Hata hali salama ikigoma, rudi Advanced options, fungua Command Prompt na uandike:

dism /image:C:\ /get-drivers

Orodha itakuonyesha jina na tarehe ya kila draiva ya nje. Kuondoa ni hivi:

dism /image:C:\ /remove-driver /driver:oem12.inf

Angalia kwanza kwa dir C:\ kama ndiyo diski yenye Windows, kwani humo herufi huweza kuhama ikawa D au E. Njia hii ya kuingilia mlango wa nyuma si ya ajabu: tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, lilipoangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, mafundi wengi waliingia hivi hivi kwenye hali salama kufuta faili moja.

SWALI: Nimefungua faili tano za .dmp kama mlivyowahi kueleza. Zote zinataja ntoskrnl.exe. RAM nimepima, nzima.

JIBU: Hilo ni jina la kiini cha Windows chenyewe, na mara nyingi ndicho kilichoumizwa, si kilichoumiza. Ili kumfichua mhusika tumia Driver Verifier, ambayo huzibana draiva mpaka yenye kasoro iangushe mfumo papo hapo kwa jina lake. Tengeneza kwanza sehemu ya kurejea kwa System Restore. Endesha verifier, chagua Create standard settings, kisha Select driver names from a list, na uweke alama kwenye draiva zisizo za Microsoft pekee. Washa upya, tumia kompyuta kama kawaida kwa siku moja au mbili. Itakuwa nzito kidogo, na itaanguka, ndicho tunachokitaka. Faili jipya la .dmp likishataja jina, zima kipimo kwa verifier /reset kisha washa upya. Ikianguka kabla hujapata nafasi ya kuandika, andika amri hiyo ukiwa kwenye hali salama.