Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Siku Zangu na Bima ya Gari

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Umeniuliza siku zangu zinajaa nini tangu nistaafu, na kwa nini ninaendelea kulipia bima ya gari la marehemu baba yako ilhali halitoki zaidi ya mara moja kwa wiki. Nitayajibu yote mawili, maana lile la kwanza ndilo lililozaa la pili.

Nilipoacha kufundisha nikiwa na miaka 60, miezi miwili ya mwanzo nilikuwa ninaamka saa kumi na moja alfajiri, ninapiga pasi nguo za kazini, kisha ninakaa kitini nisijue pa kwenda. Sikukuambia wakati ule, nisikutie wasiwasi. Siku hizi Jumanne na Alhamisi ninatembea kutoka hapa Buruburu hadi maktaba ya Makadara kuwasaidia watoto wa gredi ya nne kusoma, Jumatano ni siku ya chama, na asubuhi zilizobaki ni za magunia yangu ya sukuma wiki pale uani. Kazi zote hizo ninazifikia kwa miguu, ndiyo maana gari limetulia.

Sheria yetu inadai kila gari linaloendeshwa barabarani liwe na angalau bima ya mtu wa tatu, ile inayowalipa wengine utakaowadhuru kwa gari lako, liwe linatoka kila siku au mara moja kwa mwaka. Hoja yako kwamba gari lililoegeshwa uani halihitaji cheti cha bima ni ya kweli, mpaka litakapovuka lango. Mwezi wa Agosti, saa nane usiku, jirani alinigongea mlango, binti yake ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Nilikuwa nimeshaushika ufunguo nilipoangaza tochi kwenye kioo nikaona cheti kilikwisha siku nne zilizopita. Kwa kuwa gari lilikuwa limekaa tu, sikuwa nimeliangalia. Tulisubiri teksi dakika arobaini, binti ameketi kwenye ngazi yangu, ameuma kitambaa. Alijifungua salama, ila mimi sikupata usingizi hadi kukakucha.

Ndiyo maana sikubaliani na shauri lako la kukata bima ya mwezi mmoja mmoja pale ninapohitaji. Kwa mtu anayejua tarehe za safari zake ni njia nzuri, lakini safari zangu huja bila kubisha hodi.

Bima kamili, ile inayolipia hata hasara ya gari lako mwenyewe likigongana, hata hivyo, nimeiacha. Ada yake hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari, na likiibwa kampuni hulipa kwa bei ya soko ya wakati huo, ambayo kwa gari la umri huu ni ndogo. Nimechukua ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi, kwa sababu gari linaloshinda uani lina hatari zaidi ya kuibwa kuliko ya kugongana. Binamu yako aliomba alitumie kubebea abiria jioni. Nilimkatalia, ingawa iliniuma, kwani bima ya gari la binafsi haihusu safari za kulipiwa, na ajali moja ingetuachia deni la miaka.

Kila Jumamosi ninaliendesha kama nusu saa kwenye barabara ya Jogoo, betri isilale na magurudumu yasibonyee upande mmoja. Kuliwasha dakika tano likiwa limesimama, kama ulivyopendekeza, hakurudishi hata chaji iliyotumika kuliwasha.

Cheti cha sasa kinaisha tarehe 14 Machi. Nimeiandika kwenye kalenda ya jikoni. Nawe iandike kwenye simu yako, unipigie wiki moja kabla.

Ni mimi mama yako.